Nta Kwenye Rejeta

Gari likiletwa gereji kwa kosa la kuchemsha, kazi ya kwanza ni kujua kama kweli linachemsha. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini waulize waliowahi kufungua injini nzima bure. Mshale wa geji hausukumwi na joto, unasukumwa na umeme. Kuna kidude cha shaba kimechomekwa kwenye injini, kichwa chake kimezama ndani ya maji. Kinaonja maji yana moto kiasi gani, kisha kinapeleka habari kwa waya mwembamba mpaka kwenye geji mbele ya dereva. Waya ule ukichubuka ukagusa chuma, mshale unaruka mpaka kwenye alama nyekundu hata kama injini imelala usiku kucha na ni baridi kama mtungi. Kwa hiyo unaweza kuwa na gari zima lenye geji ya uongo, au gari bovu lenye geji ya kweli. Kuvitenganisha viwili hivyo nilikuwa nakujua kuliko mtu yeyote Tabora, na nilipenda watu wajue kwamba najua.

Ufundi nilijifunza jeshini, wakati wa vita vya Burma. Aliyenifundisha alikuwa na kanuni yake: geji itazame mwisho. Kwanza tia mkono chini ya rejeta, uone kama pana unyevu. Nusa. Dondosha tone la maji juu ya injini, uangalie linakauka taratibu au linaruka kwa kelele. Halafu ndipo uinue macho uangalie mshale unasemaje. Niliporudi nilipata kazi katika gereji moja ya mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, banda la mabati lenye shimo la kuingilia chini ya gari, na kwa miaka kadhaa nilifuata kanuni ile bila kuruka hata hatua moja.

Kisha yakaja malori mapya ya baada ya vita, yenye geji za umeme. Mafundi wenzangu walizikwepa. Mimi niliziparamia. Nilijua waya upi unatoka wapi, na gari lolote lenye matatizo ya waya, liwe la mtu wa mtaa wa Isevya au la misheni ya mbali, lililetwa kwangu. Nilianza kutembea kwa maringo kidogo. Mama yangu, aliyekuwa akikaa kwetu Usoke, aliniambia siku moja kwamba nimekuwa nazungumza kama karani wa bomani. Nilidhani ananisifu.

Lori ninalotaka kulieleza lilikuwa la mzee mmoja wa Kiarabu, mfanyabiashara aliyezaliwa hapa hapa mjini, kama baba yake. Lilipeleka nguo, chumvi na mafuta ya taa katika maduka ya njia ya magharibi, ile iliyokuwa njia ya misafara ya kwenda Ujiji, na lilirudi na asali na nta kutoka kwa warina wa porini. Lori zima lilinuka nta. Usukani ulinata, milango ilinata, hata noti alizokuja nazo dereva zilikuwa na alama za njano za vidole.

Dereva wake alikuwa Mzaramo, na mimi ni Mnyamwezi. Kwa wasiojua, hao ni watani tangu siku babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo. Tulikuwa hatujawahi kusalimiana kwa adabu hata siku moja.

"Mbeba mizigo," aliniita akiwa bado barabarani, "nani amekuruhusu kuweka mzigo chini? Umefika pwani?"

"Mla nazi," nilimjibu, "shuka upumzike, umechoka kwa kukaa."

Akipita Usoke alisimama kwa mama yangu bila kukaribishwa. Alifunua chungu mwenyewe, akala kilichokuwamo, kisha akalalamika kwamba mke wake huyu mzee hajui kupika na kwamba kesho atamrudisha kwao. Mama alimtukana kwa Kinyamwezi na kumwongeza mboga. Nina hakika alimpenda kuliko alivyowapenda baadhi ya wajomba zangu. Mimi pia nilimpenda. Alikuwa mtu wa kwanza niliyemtafuta kwa macho lori lile lilipoingia Ng'ambo.

Asubuhi moja ya kiangazi alikuja akiwa na tajiri wake kando yake, na hakuniita mbeba mizigo. Nikajua pana jambo.

Mzee akashuka. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaingia moja kwa moja kwenye maneno yake. Kwa muda wa mwezi mzima lori lilikuwa likichelewa. Safari ya siku moja ilikuwa siku mbili. Dereva anasema mshale unapanda kwenye nyekundu, kwa hiyo anasimama, anasubiri, anatia maji, anaondoka, unapanda tena, anasimama tena.

"Mimi nasikia ana mwanamke huko njiani," alisema mzee, bila kushusha sauti ingawa dereva alikuwa hatua mbili kutoka kwetu. "Kama gari linachemsha, litengeneze. Kama halichemshi, huyu ananidanganya, nami nitatafuta dereva mwingine leo hii. Neno lako ndilo nitakalolishika."

Nilimtazama mtani wangu. Alikuwa na watoto wanne, na nyumba ya kupanga nyuma ya soko. Kazi ya lori wakati ule haikuwa ya kuokota. Mwenzake aliyemtangulia kwenye usukani ule alifukuzwa kwa taa moja ya mbele iliyovunjika, na hakupata tena lori jingine mjini, maana wenye malori walizungumza wao kwa wao.

"Mshale unapanda polepole au kwa ghafla?" nilimwuliza.

"Ghafla. Nikiingia kwenye mashimo tu, huo, umefika."

Hapo hapo nilishajua. Joto la kweli linapanda taratibu, unaliona likija. Mshale unaoruka kwa mtikisiko ni waya. Injini ilikuwa bado baridi, hawakuwa wametoka mbali. Nikazungusha ufunguo bila kuwasha injini, nikamwambia mzee aangalie. Nikalitikisa fungu la nyaya kwa mkono. Mshale ukaruka kwenye nyekundu.

"Umeona, mzee? Gari halijawashwa, na tayari linasema limechemka."

Nikachomoa waya kwenye kile kidude cha shaba. Mshale haukushuka. Maana yake habari ile haikutoka kwenye maji kabisa, ilitoka njiani. Nikaufuata waya kwa vidole mpaka unapopenya kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dereva. Mpira wa kuukinga ulikuwa umekwisha kuliwa, na waya wenyewe uling'aa. Nikausogeza, nikauzungushia utepe mweusi wa umeme mara nne, nikakata kipande cha tyubu kuukinga, nikaurudisha mahali pake. Mshale ukashuka chini kabisa. Yote hayo hayakuzidi nusu saa, na nilikuwa nikimweleza mzee kila hatua kama mwalimu mbele ya darasa.

"Kwa hiyo hakunidanganya," alisema mzee.

"Hakukudanganya. Geji ndiyo iliyomdanganya yeye."

Nilifurahi. Nilikuwa nimemwokoa mtani wangu, tena mbele ya watu, kwa nusu saa. Nikamgeukia nikitegemea anitanie, na kweli alinitania.

"Na nta ya mama yako je?" alisema. "Mbona huisemi? Bila nta ya mama yako rejeta hii isingefika hata Usoke. Mwambie tajiri, yule mke wangu ndiye fundi, siyo wewe."

Nikacheka. Kila mtu alijua Wanyamwezi na nta yetu. Tunazibia vibuyu, tunazibia mizinga, tunapaka kamba, na watani wetu hawachoki kusema kwamba hata meno tunaziba kwa nta. Nikamjibu kwamba Mzaramo akiona kitu cha njano hudhani ni embe. Mzee alitabasamu kidogo, kwa heshima tu, kwa kuwa utani ule haukumhusu.

"Sasa sikiliza," nilimwambia dereva. "Usisimame tena njiani. Mshale ukiwa katikati, wewe kanyaga."

"Nisisimame kabisa?"

"Kabisa."

Alinitazama kidogo, zaidi ya ilivyohitajika. Mzee alikuwa ameshapanda na kufunga mlango. Dereva akapanda upande wake, wakaondoka.

Mkono chini ya rejeta sikutia. Nilipoinama kuufuata waya niliona doa la njano chini ya rejeta, upande wa kulia, lenye ukubwa wa kiganja. Nililiona vizuri kabisa. Lakini lori lile lilikuwa na nta kila mahali, na mimi nilikuwa nimeshapata jibu langu, jibu zuri la umeme ambalo hakuna fundi mwingine mjini angelipata. Sikuona sababu ya kuchafua mikono.

Siku ya tatu mzee alinifuata kwa gari dogo la jirani yake. Lori lilikuwa limekufa Usoke. Dereva alikuwa amebaki nalo kulinda mzigo, naye alituma habari kwa mtu aliyepanda treni. Njia nzima nilikuwa nikipitia kichwani kila kitu nilichokifanya, nikikiona sawa, kisha nikilikumbuka lile doa.

Tulipofika, mzee alikwenda kwanza kutazama mzigo na kuzungumza na wenye duka. Lori lilikuwa limesimama chini kidogo ya nyumba ya mama yangu. Nikafungua boneti. Injini ilikuwa imekamata, hata kwa mkono wa chuma wa kuwashia haikuzunguka. Rejeta ilikuwa kavu. Upande wa kulia, chini, palikuwa na ufa mwembamba wenye urefu wa kidole kimoja, na kutoka pale michirizi ya nta ilikuwa imeteremka na kuganda juu ya chuma cha mbele. Nikatia mkono. Safari hii nikatia.

Kilichotokea kilikuwa rahisi kuliko mambo yote ya umeme niliyoyajua. Rejeta ilikuwa imepasuka siku nyingi, na ufa ulizibwa kwa nta. Nta inashika kukiwa na baridi. Ikipata moto mwingi inalainika, na maji yanatoka. Kwa mwezi mzima mshale wa uongo uliruka kila penye mashimo, na kila uliporuka dereva alisimama, akangoja injini ipoe, akaibonyeza nta upya, akatia maji. Kisha nikaja mimi na utepe wangu mweusi, nikaunyamazisha mshale, nikamwambia asisimame. Maji yalipotoka yote, kidude cha shaba kilibaki kikining'inia mahali pasipo na maji, na kwa kuwa hakikuwa na maji ya kuonja, mshale ulikaa katikati, umetulia. Akakanyaga, kama nilivyomwagiza.

Mama alitoka na kata ya maji. Nikamsalimu. Akaniuliza, kwa Kinyamwezi, kama nimekuja kutengeneza au kutazama. Kisha akasema, kama mtu anayeeleza habari za kawaida, "Nta nilimpa mimi. Aligonga kisiki akikwepa ng'ombe, akaogopa kumwambia Mwarabu. Nikamwambia, mwambie mwanangu. Akasema mbele ya tajiri hawezi, lakini atatafuta namna. Hakukuambia?"

"Aliniambia," nilisema.

Akanitazama, akarudi ndani.

Nimewahi kuwaeleza watu kisa hiki, na wengi huniuliza kwa nini dereva hakunivuta kando akaninong'oneza. Angenivutaje? Mzee alikuwa ananusa uongo. Angetuona tukinong'ona tu, basi, kazi imekwisha. Lakini mtani ana ruhusa ya kusema lolote mbele ya yeyote, na hakuna anayeuliza. Alilisema neno lenyewe hadharani, zima, na nta, na rejeta, na mama yangu, akitumaini kwamba mimi, fundi, nitainama niangalie. Hakuna Mzaramo wala Mnyamwezi mwingine aliyestahili kulielewa zaidi yangu.

Mzee akarudi. Dereva alikuwa nyuma yake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na kukesha na mzigo. Mzee aliangalia rejeta, akaigusa michirizi kwa ncha ya fimbo yake.

"Hii ni nini?"

"Nta," nilisema. "Rejeta ilipasuka, ikazibwa kwa nta."

"Siku ile gereji, huyu alisema neno la nta. Nilimsikia." Alikuwa mzee lakini hakusahau kitu. "Mimi utani wenu siujui. Ninyi wenyewe ndio mnaujua. Alikuwa anakuambia, au alikuwa anatania?"

Lilikuwa swali la haki, na aliniuliza mimi kwa sababu aliniamini. Kama ningesema alikuwa ananiambia, kosa lingekuwa langu: fundi aliambiwa rejeta ina nta, akacheka, akaruhusu gari liende. Dereva angebaki na lawama ya kisiki tu, na labda, kwa kuwa alijaribu kusema, angebaki na kazi. Kama ningesema alikuwa anatania, basi alificha, na injini imekufa mikononi mwake.

Niliogopa. Sitaki kulipamba neno hilo. Niliogopea jina langu, niliogopa mafundi wenzangu wa Ng'ambo watakavyosema yule bingwa wa umeme ameua injini kwa kutotia mkono chini ya rejeta. Nilipata muda wa kutosha wa kufikiri. Dereva alikuwa ananitazama, wala hakuwa na wasiwasi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakuwa na wasiwasi kabisa.

"Alikuwa anatania," nilisema.

Mzee alinyoosha mkono. Dereva aliutoa ufunguo mfukoni akaupangusa kwenye shati, kwa kuwa ulikuwa unanata, akampa.

"Na wewe huna la kusema?" mzee alimwuliza.

"Mtani wangu ameshasema," alijibu.

Hakupata lori jingine. Nilimwona baadaye stesheni akibeba magunia ya karanga, yeye aliyekuwa akiniita mbeba mizigo. Nilipitia nyuma ya mabehewa ili asinione. Lori nililitengeneza mimi, kwa wiki tatu, na mzee alinishukuru. Nikarudi kwenye kanuni ya jeshini. Tena niliongeza yangu: gari likiletwa na dereva pamoja na tajiri, tajiri namwomba akanywe kahawa kwanza. Madereva wengi wameniambia mambo wakati kahawa ile inanywewa.

Mama hakunigombeza. Aliacha tu kuniuliza habari za kazi. Miaka miwili baadaye alifariki, tukamzika Usoke.

Watu wetu wanajua mazishi bila watani hayajakamilika. Mtani ndiye anayezuia jeneza njiani akidai deni lake, anayevaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake mpaka wafiwa wanacheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Mama alikuwa na mtani mmoja tu wa kumfanyia hayo, na ndugu zangu walikuwa wakiniuliza tangu asubuhi kama amepelekewa habari. Nikasema sijui.

Alikuja na treni, amevaa kanzu safi. Wanawake walipomwona walianza kutabasamu, wakijiandaa. Shangazi yangu mmoja alishaitoa kanga ya mama na kuishika mkononi, tayari kumpa. Mtani akapita mbele yake, akaenda kaburini na wanaume wengine, akatupa udongo wake, akarudi akakaa mwisho wa mkeka.

Sikuweza kuvumilia. Nikamwendea mbele ya watu wote, nikajilazimisha sauti ya zamani.

"Mla nazi," nilisema, "mke wako ameondoka. Umekuja kula pilau tu?"

Akasimama. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa.

"Pole sana, bwana fundi," alisema. "Mama alikuwa mtu mwema. Mungu amweke mahali pema."

Shangazi aliikunja kanga akairudisha ndani. Mgeni wetu alikula kidogo, akawaaga wazee mmoja mmoja, akaniaga mimi mwisho, tena kwa mikono miwili, kama anavyoagwa tajiri. Kisha akaenda stesheni kuiwahi treni ya Tabora.